Neno Lenye Fundo

Juu ya kitanda cha Enid Sugden nilibandika kibao,
neno moja la Kiingereza, herufi nne:
fast. Yaani asile, asinywe,
hata tone la chai lisipite kooni
mpaka daktari amalize na nyonga yake.

Mjukuu wake, Callum, miaka saba,
magoti yana matope ya uwanja wa shule,
alikisoma akacheka.
"Bibi, wameandika eti una mbio!"
Bibi ambaye tangu Jumanne
hajafika hata dirishani.

Nje, treni ya Leeds ikapita bondeni.
Ile ndiyo fast, akasema mtoto.
Na saa ya ukutani, inayotangulia dakika kumi
tangu nianze kazi wodi hii.
Na Bi Hattersley wa kitanda cha pili,
anayekoroma kama mashine ya kukata nyasi,
usingizi wake nao huitwa hivyo hivyo, haugutuki.
Sasa neno hili linakimbia, au limesimama?

Enid akavua miwani.
Miaka thelathini na minne alitia rangi sufu
katika kiwanda kando ya mfereji,
kucha zake mpaka leo zina kivuli cha buluu.
"Kwetu," akasema, "lilikuwa neno la kitambaa.
Unachukua chekundu, unakishonea cheupe,
unavitosa pamoja kwenye maji ya moto na sabuni,
unavisugua bila huruma.
Cheupe kikitoka cheupe, rangi ni fast. Imeshika.
Kikitoka kimeona haya,
unarudi kwenye pipa, na mshahara unakatwa."

Nililitafuta baadaye, chumba cha wauguzi,
kamusi nimeiegemeza kwenye birika nisiloligusa.
Mwanzo wake ni kushika. Ukuta usiotikisika.
Kamba kwenye nguzo ya gati.
Halafu, wanasema, wakaja watu wa kaskazini zaidi,
wenye ndevu na mashoka,
nao mtu akikimbia kwa nguvu zote
walisema anakimbia kwa kukaza,
na kukaza kukageuka kasi.

Nikacheka peke yangu.
Sisi tunakaza fundo, tunakaza kamba za viatu,
kisha tunakaza mwendo,
na sijasikia mtu akiuliza.
Tunafunga mlango, tunafunga mzigo,
tunafunga Ramadhani:
kinywa nacho kina komeo lake.
Ila wao asubuhi huvunja kilichofungwa.
Sisi tunakifungua, taratibu,
maana kamba itahitajika kesho.

"Na wewe?" Enid aliniuliza saa nane.
"Sijakuona na kikombe."
Nami nimefunga, nikasema, mpaka magharibi,
na Juni huku kwenu jua ni mgeni asiyejua kuaga:
saa tatu na dakika arobaini usiku.
Akapiga mluzi.
Callum akachana karatasi ya daftari,
akaniandikia kibao changu,
herufi ya tatu imegeukia nyuma,
akakibandika kifuani pangu kwa plasta.
Nilizunguka nacho wodi nzima.
Msimamizi alikitazama, akanyamaza.

Wakaja wachukuzi na kitanda cha magurudumu.
Nikapitisha mkanda juu ya mapaja yake.
"Umekaza?"
"Nimekaza."
"Usikaze mno, mimi si mzigo wa posta."
Wakamsukuma, na kwa mara ya kwanza wiki ile
Enid Sugden akaenda kwa mbio,
mtoto akitimka pembeni, akishangilia,
mpaka milango miwili ikajifunga.

Alisahau leso yake mtoni,
nyekundu, aliitia rangi mwenyewe kabla hajaolewa.
Foronya ilikuwa imelowa.
Sikujua alilia saa ngapi.
Nikainua leso, nikaangalia chini yake.

Nyeupe.